Deni Lililosemwa kwa Utani

Ninyi makarani wa siku hizi mmezoea raha. Mtu anakuja kudai akiwa na mkataba uliochapwa, sahihi huku, muhuri kule, mashahidi wameandikwa mpaka namba zao za simu, halafu bado mnalalamika kwamba shauri ni gumu. Mimi nilipoajiriwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa Mtwara, miaka michache baada ya uhuru, mdai alikuja na mdomo wake, mdaiwa akaja na mdomo wake, na hakimu alitakiwa akae katikati achague mdomo mmoja.

Juzi walikuja hapa kwangu Mtawanya vijana wawili wa mahakama. Wakaniuliza, mzee, katika kazi yako yote ni shauri gani la madai lililokutesa zaidi? Nikawaambia ni la mtu aliyekopesha kwa utani. Wakacheka. Nilikasirika, nikasema nina kichwa kinauma, wakaondoka hata chai hawajanywa. Leo hasira zimepungua kidogo, basi nawaandikia wao na wenzao. Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa Bwana Magesa, mtu wa kutoka Ziwani, mrefu, mchache wa maneno, aliyelalamikia joto letu tangu siku aliyofika mpaka siku aliyohamishwa. Kazi yote ninayoijua nilijifunza kwake. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuyaogopa maneno.

Kwa mfano neno azima. Shahidi anasimama, anaapa, anasema, "Huyu bwana aliniazima." Haya, nani kampa mwenzake? Kwa watu wetu aliyetoa kaazima, na aliyepokea naye kaazima. Tulisikiliza shauri la sufuria kubwa la harusi asubuhi nzima, mimi najua mwenye sufuria ni mdai, mshauri mmoja wa mahakama anajua mwenye sufuria ni mdaiwa, na wenyewe wawili wameshaanza kutukanana. Bwana Magesa akaweka kalamu chini. "Liacheni neno hilo. Kabla ya harusi, sufuria lilikuwa jikoni kwa nani?" Shauri likaisha palepale, na mimi nikajiona mjinga kwa muda wote niliopoteza.

Tangu hapo tulikuwa na njia yetu. Shahidi wa uongo hujifunza jibu la swali kubwa tu. Mkimuuliza kama mkopo ulikuwepo, atasema ulikuwepo, tena kwa sauti. Muulizeni nani alikaa mkekani na nani alikaa kwenye kigoda. Muulizeni mwenyeji aliwapa nini, maji au muhogo, na nani aliyeinuka kwanza kuondoka. Shahidi wa kweli atawaambia mengine hakumbuki. Huyo anayekumbuka yote, mpaka rangi ya kuku waliokuwa uani, mtoeni nje mumwite mwenzake, mtamsikia naye akitaja rangi nyingine kabisa.

Njia nzuri hiyo, itumieni. Ila kwa Liwaka haikutusaidia kitu.

Liwaka alikuwa mkulima wa kijiji kimoja upande wa Madimba, mtu mfupi, mwenye pengo mbele, na hakuna aliyekuwa hamjui, kwa sababu alikuwa mtani. Siku hizi mkisikia utani mnafikiria mpira. Utani ninaousema mimi ni ule wa koo, ambao mtu anazaliwa nao. Babu yako na babu yangu walitaniana, basi mimi na wewe ni watani, naweza kuingia kwako nikachukua jogoo, nikakuita maiti, nikamwita mkeo mke wangu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika utatozwa faini na wazee. Na ukifa, mimi ndiye nitakayekuja msibani kuwachekesha wafiwa. Nitalala njiani jeneza lisipite, nitasema marehemu ana deni langu, hatoki hapa mpaka nilipwe. Wafiwa watanipa sarafu mkononi, wakati mwingine na kuku juu yake, nitainuka, jeneza litapita. Hiyo ndiyo desturi, na hakuna aliyeijua kumshinda Liwaka.

Mtani wake mkubwa alikuwa Selemani, jirani yake. Selemani aliugua tumbo, akadhoofu, wakamwambia aende hospitali ya mbali, na nyumbani hamna kitu. Akaenda, akakaa huko, akarudi, akafa. Siku ya mazishi, jeneza linataka kutoka uani, mwalimu wa msikiti akauliza kama ilivyo ada, "Kuna anayemdai marehemu?" Liwaka akajilaza chini mbele ya jeneza. Akasema, "Mimi namdai. Huyu mshenzi kanila baiskeli yangu nzima, na mikorosho yake ni rehani yangu, kaniwekea mwenyewe. Hatoki." Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kaka wa marehemu akamtilia sarafu mkononi, akainuka, wakaenda kuzika.

Msimu wa korosho ulipofika, Liwaka akaingia shambani kwa marehemu na kikapu. Mjane, Somoe binti Nampota, akamfukuza. Ndipo Liwaka akaja mahakamani.

Alikuja kwa miguu kutoka kijijini, vumbi mpaka magotini. Nikamwambia akae, nikamuuliza anamdai nani.

"Namdai Selemani."

"Selemani si amekufa? Marehemu hashtakiwi, mzee. Msimamizi wa mirathi ni nani?"

"Mke wangu."

"Mkeo?"

"Mke wake. Mke wa mtani wangu, Somoe."

Nikamwambia, mzee Liwaka, hapa mahakamani hakuna utani. Akanitazama, akasema taratibu, "Ndiyo tabu yenyewe hiyo, Bwana Karani." Sikumwelewa. Nikamwandikia hati yake, akalipa ada, akarudi kwa miguu kama alivyokuja.

Siku ya shauri, Bwana Magesa akauliza kwanza kama kati ya washauri wake wawili kuna mwenye utani na mdai au mdaiwa. Wote wawili wakainua mikono. Ikabidi shauri liahirishwe, tukatafuta wazee wengine, na hilo peke yake lilitupa kazi kweli, maana upande ule mzee asiyetaniana na Liwaka alikuwa adimu. Tulicheka sana ofisini siku ile. Ilikuwa mara yetu ya mwisho kucheka katika shauri hilo.

Liwaka alieleza hivi. Selemani alipoambiwa aende hospitali, yeye aliuza baiskeli yake. Fedha akazifunga kwenye kitambaa, akampelekea mwenzake barazani. Selemani alikaa mkekani, yeye Liwaka alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Somoe alikuwa uani anatwanga muhogo. Alipoulizwa maneno waliyosemezana, akageuka kwanza kuwatazama watu wa mabenchini.

"Sema," Bwana Magesa akamwambia.

"Nilimwambia, chukua, maiti wewe. Ukifa hujanilipa, nakula korosho zako na mkeo namchukua."

"Naye akajibuje?"

"Akasema, chukua vyote, na wewe ukitangulia nakuzika bila sanda."

"Halafu?"

"Tukacheka. Akazipokea."

Watu waliokuwa mabenchini wakaanza kucheka. Bwana Magesa hakucheka. Akauliza, "Mikorosho ni rehani. Na mke naye ni rehani?" Hapo kicheko kikawa kikubwa, nikalazimika kugonga meza. Liwaka alisimama pale katikati ya vicheko, uso mkavu. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi sicheki. Mke ni utani. Mikorosho ni kweli."

"Nitajuaje mimi ni wapi utani uliishia?"

"Selemani alijua."

"Selemani amekufa."

"Ndiyo," Liwaka akasema. "Mtani wangu yule. Ningemwambiaje? Ningemwambia njoo tuandikiane, ungekuwa ugomvi. Mtani hadaiwi kwa uso mkavu."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye nikimsikiliza. Nilimwamini tangu hapo, na sijui niwaambie nini zaidi ya hivyo. Lakini kumwamini mtu si kuthibitisha deni lake, vijana wangu, na mtakaposhindwa kutofautisha mambo hayo mawili mtaonea watu.

Bwana Magesa alijitahidi. Kwao Ziwani pia kuna utani, haikuwa kwamba haelewi. Akauliza baiskeli aliinunua nani. Liwaka akasema ni Mmakua mmoja, mkimbizi wa vita vya ng'ambo, ameshavuka Ruvuma kurudi kupigana. Mtu huyo mtampelekea samansi wapi, na mapigano yanaendelea upande ule? Akaulizwa kama kijijini hakuna anayejua habari za baiskeli. Wakaja mashahidi, wote wakasema ni kweli, baiskeli ilitoweka, na wao walimuuliza Liwaka imekwenda wapi. Akawajibu imemezwa na Selemani. Wakacheka, wakaendelea na safari zao. Kila alipolisema deni lake kabla ya kuja mahakamani alilisema akiwa anachekesha, kwa sababu desturi haikumpa namna nyingine.

"Na msibani," Bwana Magesa akamuuliza, "ulidai ukapewa sarafu. Ukainuka. Si umelipwa?"

"Ile ilikuwa ya utani, Mheshimiwa."

"Na maneno uliyoyasema yalikuwa ya nini?"



Ikaja zamu ya Somoe. Mimi ndiye niliyempa msahafu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kaja na kitoto mgongoni na wengine kawaacha kwa mama yake. Ile mikorosho ndiyo iliyokuwa inawalisha. Shemeji zake walishaanza kuitazama kwa jicho lao, na Liwaka naye akiipata, Somoe alikuwa anarudi kwa mjomba wake na watoto wote kuwa mzigo wa watu. Hayo aliyasema mwenyewe, hakuulizwa.

"Siku Liwaka alipokuja barazani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, natwanga."

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia wakitaniana."

"Ulimwona akimpa mumeo fedha?"

 Kitoto mgongoni kikalia, akakibembeleza, akakitikisa mpaka kikanyamaza, na sisi sote tukingoja. Halafu akasema, "Sikuona." Alisema akitazama sakafu. Niko tayari kuapa kwamba aliona. Lakini mtu wa mahakama hana pa kuandika alikotazama shahidi.

Hukumu ilikuwa fupi. Bwana Magesa aliisoma polepole, kwa Kiswahili chake cha Ziwani, akasema mahakama haisemi kwamba Liwaka ni mwongo. Inasema hakuthibitisha. Mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na maneno aliyoyaleta, mtu mwenye akili timamu aliyeyasikia angeweza kuyachukua kuwa mzaha, na wote waliyachukua hivyo. Madai yametupwa. Ana haki ya kukata rufaa.

Liwaka akainua mkono. "Mheshimiwa, sijaelewa. Nilimpa au sikumpa?"

"Mahakama haijui."

"Aah." Akatikisa kichwa. "Basi mimi ndiye ninayejua, na yule pale." Hakumwonyesha Somoe kwa kidole, alimwonyesha kwa kidevu tu, akatoka.

Rufaa hakukata. Bwana Magesa hakula mchana siku ile. Alikaa ofisini kavua koti, nikamletea chai, akaniuliza, "Wewe ungehukumuje?" Nikasema ningehukumu kama yeye. Akasema, "Ndiyo, na wewe ungehukumu hivyo," akaisukuma chai pembeni. Nilidhani ananilaumu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna alichoweza kulaumu, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Sheria ilikuwa sawa na hukumu ilikuwa sawa.

Yaliyotokea kijijini baada ya hapo niliyasikia kidogo kidogo, kwa watu waliokuja mahakamani kwa mambo yao. Liwaka aliacha utani. Msibani alikaa na wanaume wengine, kimya, akiteremsha macho. Watani wadogo walijaribu kumchokoza wakamwita maiti, akawaitikia kwa adabu, "Salama, baba." Walisema inatisha kuliko angewapiga. Wengine walinikasirikia mimi, kana kwamba niliyafungia maneno ya mzee wao kwenye kabati la mahakama.

Na mikorosho je? Ikaja amri ya watu kuhamia vijiji vya pamoja. Nyumba za akina Somoe zikabomolewa, wakapelekwa barabarani, mbali na mashamba yao ya zamani. Ile mikorosho iliyogombaniwa ikabaki nyuma na magugu, korosho zikaanguka zikaokotwa na nyani. Somoe alikwenda kuokota mara moja moja na kikapu kichwani, kutwa nzima njiani. Halafu akaacha, miguu ilimshinda.

Liwaka alikufa katika kijiji hicho kipya. Mimi nilikuwa nimekwenda upande ule kwa kazi ya kupeleka samansi, maana mpeleka samansi wetu alikuwa mgonjwa. Nilipofika nikakuta msiba, na kwetu hupiti msiba ukaendelea na safari. Nikakaa na watu. Somoe nikamwona kibarazani na wanawake. Alikuwa amezeeka kuzidi miaka iliyokuwa imepita.

Jeneza likainuliwa kutoka. Mwalimu akauliza maneno yake yaleyale. "Kuna anayemdai marehemu?" Hakuna aliyejitokeza. "Kuna anayedaiwa na marehemu?"

Somoe akatoka kibarazani. Akaja mpaka mbele ya jeneza, akasimama.

"Mimi," akasema. "Mimi nadaiwa. Alimpa mume wangu fedha za baiskeli yake, nikaona kwa macho yangu, nikashika msahafu nikasema sikuona."

 Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na wenzake wakapokea. Walikuwa wamekaa miaka bila kicheko msibani, na sasa mke wa mtani amesimama mbele ya jeneza la mtani, anamtania marehemu kwa kesi yake mwenyewe. Wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele akasema Somoe kamlipa Liwaka vizuri.

Somoe akageuka akatafuta kwa macho, akaniona. "Bwana Karani yule pale. Aliniapisha yeye. Muulizeni."

Nikainuka. Nikasema, "Jamani, msikilizeni mama huyu, anasema kweli." Nilisema kwa sauti yangu ya mahakamani, ile ya kunyamazisha watu. Hapo ndipo walipocheka hasa, wakainama, wakashikana mabega, kwamba siku hizi mpaka serikali inaleta watani wake msibani.

Mtoto mkubwa wa Liwaka, machozi ya kilio na ya kicheko yamechanganyika usoni, akaja mbele ya Somoe kwa heshima zote. "Ahsante, mama. Umemuaga baba yetu vizuri. Tupishe sasa." Akachukua mkono wake, akamtilia sarafu, akaufumba. Wanawake wakamshika mabega wakamsogeza pembeni, na jeneza likapita.

Tulipotoka makaburini nilimkuta palepale walipomwacha, kajiinamia, mkono bado kaufumba. Akaniuliza, "Hii nimrudishie nani, Bwana Karani?"